Taa ya Padre Hesburgh: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Chuo Kikuu cha Notre Dame

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, miaka miwili niliyosoma shahada ya uzamili ya masomo ya amani katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana nchini Marekani, na nikamtaja Padre Theodore Hesburgh wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, aliyekuwa rais wa chuo hicho kuanzia 1952 hadi 1987 na aliyefariki dunia tarehe 26 Februari 2015 akiwa na umri wa miaka 97. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua barua chache ambazo zinagusa mambo yaliyoulizwa na wengi, na nimejibu kwa kadiri nafasi ya ukurasa huu inavyoruhusu.

*Tumsifu Yesu Kristo. Hapa kwetu tunawajua mapadre na mabruda wa Msalaba Mtakatifu kwa shule na parokia zao, si kwa chuo kikuu kikubwa. Ningependa utueleze mahali hapo panafananaje, na wewe mwenyewe unapakumbuka kwa lipi hasa.*
Mwalimu wa Kiswahili, Jinja

Milele amina, Mwalimu. Nilifika Notre Dame mwezi Agosti mwaka 2008, jua likiwa kali kiasi kwamba koti nililoazimwa Dar es Salaam lilinitia aibu mkononi. Hata kabla gari halijauacha mji wa South Bend, niliona kuba la Jengo Kuu likimeta juu ya miti, limefunikwa kwa dhahabu halisi iliyofuliwa nyembamba kuliko karatasi, na juu yake imesimama sanamu ya Bikira Maria yenye urefu wa karibu mita sita. Katika miaka miwili niliyokaa pale sikuwahi kupotea njia, kwa sababu kila nilipochanganyikiwa niliinua macho nikamtafuta Mama.

Mahali penyewe palianza kwa umaskini mkubwa. Padre Edward Sorin, Mfaransa aliyekuwa na umri wa miaka 28, alifika huko na mabruda wachache tarehe 26 Novemba 1842, theluji ikiwa imetanda juu ya maziwa mawili yaliyopo hapo, na inasimuliwa kwamba kwa weupe ule alidhani ni ziwa moja. Ndiyo maana jina kamili la chuo hadi leo ni Notre Dame du Lac, yaani Mama Yetu wa Ziwa, kwa umoja, ingawa maziwa ni mawili na kila mgeni huyahesabu. Tarehe 23 Aprili 1879 moto uliteketeza Jengo Kuu. Sorin, wakati huo akiwa mzee wa miaka 65, hakukubali shughuli zikome; jengo jipya lilipandishwa kiangazi kile kile, na Septemba wanafunzi wakarudi madarasani. Hadithi hiyo husimuliwa kwa kila mwanafunzi mpya katika siku zake za kwanza, na nami nilisimuliwa nikiwa bado sijazoea chakula cha pale.

Kuna njia ya miguu inayozunguka maziwa yote mawili. Nilikuwa nikiipita alfajiri, kengele za Basilika la Moyo Mtakatifu zikilia, mabata majini na kindi wakipita miguuni bila woga wowote, jambo ambalo kwa mtu aliyekulia kijijini, ambako mnyama akimwona binadamu hukimbia, lilikuwa ajabu. Mwezi Oktoba majani ya miti hugeuka mekundu na manjano kwa wiki chache. Kisha huja theluji, na hiyo si ya kupita, kwa sababu upepo unaovuka Ziwa Michigan huzoa unyevu na kuumwaga juu ya sehemu ile kwa siku nyingi mfululizo.

Umeniuliza napakumbuka kwa lipi hasa. Napakumbuka kwa Pango la Bikira Maria wa Lurdi, lililojengwa mwaka 1896 nyuma ya basilika, kwa mfano wa lile la Ufaransa lakini kwa ukubwa wa takriban sehemu moja ya saba. Usiku mmoja wa Januari nilipigiwa simu kutoka nyumbani kwamba bibi aliyenilea amefariki. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, mazishi yangekwisha kabla sijavuka bahari. Nilivaa kila nguo nzito niliyokuwa nayo nikaenda pangoni, ilikuwa yapata saa nane za usiku, nikakuta mishumaa mingi ikiwaka katikati ya theluji na watu watatu wamepiga magoti, kila mmoja na lake moyoni. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kijana mmoja ambaye sikumjua, na ambaye sikumwona tena, aliona vidole vyangu vinatetemeka, akaniwashia mshumaa, akaniachia niuweke mwenyewe. Nilisali rozari nzima kwa Kiswahili, kwa sauti, kama bibi alivyonifundisha. Tangu usiku huo pale hapakuwa ugenini tena kwangu.

Niongeze jambo moja kuhusu mabweni, kwa kuwa wewe ni mwalimu na najua litakugusa. Kila bweni lina kikanisa chake, na mlezi, wakati mwingine padre au mtawa, anaishi humo humo na wanafunzi. Misa ya Jumapili huadhimishwa usiku, na wapo wanaoshuka na kandambili. Mhitimu wa kule ukimuuliza alisoma wapi, atakutajia bweni lake kabla ya kitivo.

*Mimi ni frateri katika seminari kuu. Padre Hesburgh aliomba kuwa rais wa chuo, au alipangiwa? Na miaka 35 katika kiti kimoja si mingi mno?*
Frateri, Dar es Salaam

Alipangiwa, Frateri, na alichokiomba yeye kilikuwa kingine kabisa. Alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, tarehe 25 Mei 1917, akapelekwa Roma kusoma mwaka 1937, vita ikamrudisha kwao mwaka 1940, akapewa upadrisho tarehe 24 Juni 1943 katika kanisa lile lile la Moyo Mtakatifu ambalo baadaye lilikuja kuwa basilika. Ombi lake lilikuwa kwenda kuwahudumia askari wa jeshi la majini. Wakubwa wake wakampeleka kwanza kumaliza udaktari wa teolojia, na vita ilipokwisha wakamrudisha Notre Dame kufundisha.

Hapo ndipo askari walipomfuata yeye. Chuo kilifurika wanaume waliotoka vitani, wengi wakiwa na wake na watoto wachanga, wakiishi katika vibanda vya muda vilivyoitwa Vetville, naye akawa mlezi wao wa kiroho. Aliwabatizia watoto, akawapatanisha walipogombana, akawasikiliza waliokuwa wakiamka usiku kwa jinamizi la vita. Mimi naamini uongozi wake wote ulitoka katika vibanda vile. Alikuwa mchungaji kabla hajawa msimamizi wa fedha, na ukisoma maisha yake kwa mpangilio huo mengi yanaeleweka.

Mwaka 1949 alifanywa makamu wa rais, na mwaka 1952, akiwa na miaka 35, akawa rais. Alipoanza chuo kilikuwa na wanafunzi 4,979 na wahadhiri 389; alipoondoka wanafunzi walikuwa wapatao 9,600 na wahadhiri 951, na mfuko wa akiba wa chuo ulikuwa umepanda kutoka dola milioni 9 hadi milioni 350. Katika muda huo wote yeye aliishi Corby Hall, nyumba ya mapadre, kwa nadhiri ya ufukara kama ndugu zake wengine.

Kuhusu miaka 35, swali lako ni la haki, na mwenyewe sitetei ukaaji mrefu madarakani kama kanuni. Lakini tazama alichokifanya mwaka 1967. Chuo kilikuwa mali ya shirika lake moja kwa moja, naye akaongoza hatua ya kukikabidhi kwa bodi ya wadhamini ambamo walei wana sauti na mamlaka ya kweli, ili rais, hata akiwa padre, awajibike kwao. Kiongozi anayejenga chombo chenye uwezo wa kumwondoa yeye mwenyewe hajajenga ufalme. Mwaka huo huo viongozi wa vyuo vikuu vya Kikatoliki walikutana Land O'Lakes, Wisconsin, katika eneo la mapumziko linalomilikiwa na Notre Dame, wakatoa tamko kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki kinahitaji uhuru wa kitaaluma ili kiwe chuo kikuu kweli. Tamko hilo linabishaniwa hadi leo. Wapo Wakatoliki wema wanaoona kwamba lilifungua mlango wa vyuo kupoteza imani yao; mimi niliyeona kanisa likijaa wanafunzi usiku wa Jumapili siwezi kukubaliana nao kuhusu Notre Dame, ingawa nakubali kwamba hatari wanayoitaja ipo.

*Sisi Waafrika tuna desturi ya kumsifu marehemu hata kama alitutesa. Naomba ukweli: wanafunzi walimpenda kweli padre huyu, au ni mapenzi ya baada ya mazishi?*
Mhadhiri, Mwanza

Ndugu Mhadhiri, swali hili nilijiuliza mwenyewe, kwa kuwa mimi nilimkuta mzee wa miaka 91 aliyekwisha kuwa kama mnara wa kihistoria, na mnara hauna adui. Kwa hiyo niliwatafuta waliosoma miaka yake.

Karibu wote walianza na taa. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya Jengo Kuu, chini ya kuba, naye alikuwa mtu wa usiku, akifanya kazi hadi saa nane na saa tisa. Mwanafunzi aliyekuwa akipita uwanjani usiku wa manane, ametoka maktaba au ameshindwa kulala kwa mawazo, alitazama juu. Taa ikiwa inawaka, alijua rais yupo na anaweza kumwona. Wapo waliopanda ngazi ya nje ya kuokolea watu wakati wa moto na kugonga dirisha lake. Hawakuwa na miadi wala barua ya utambulisho, na walifunguliwa. Wewe na mimi tumefanya kazi vyuoni, tunajua katibu muhtasi wa mkuu wa chuo anavyoweza kuwa boma lisilopenyeka, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wenye wajukuu bado wanaikumbuka taa hiyo.

Hata hivyo walikuwa na utani wao. Walisema Mungu yuko kila mahali, na Padre Hesburgh naye yuko kila mahali isipokuwa Notre Dame. Ndani ya utani huo mlikuwa na malalamiko. Marais wa Marekani walimteua katika nafasi 16 za utumishi wa umma, alikuwa katika bodi na tume nyingi, na safari zake zilikuwa hazikatiki. Shughuli za kila siku za chuo zilibebwa na Padre Edmund Joyce, makamu wake kwa miaka yote 35, na kwa maoni yangu hakuna sifa ya Hesburgh inayokamilika bila kumtaja Joyce. Walistaafu siku moja, wakachukua gari la kulala, wakazunguka magharibi ya Marekani wawili wao, padre na padre, kama vijana waliomaliza mtihani.

Walikuwepo pia waliomkasirikia kwa sababu nzito. Februari 1969, vyuo vya Marekani vikitikiswa na maandamano dhidi ya vita ya Vietnam, aliwaandikia wanafunzi wake kwamba yeyote atakayetumia nguvu kuzuia shughuli za chuo au haki za wenzake atapewa dakika 15 za kutafakari, na akikaidi ataadhibiwa. Novemba mwaka huo wanafunzi kumi waliadhibiwa kwa kuwazuia waajiri wa Shirika la Ujasusi la Marekani na kampuni ya Dow Chemical. Rais Nixon alimsifu hadharani kwa msimamo huo, lakini serikali ilipotaka kutunga sheria ya kuwabana wanafunzi nchi nzima, Hesburgh alipinga, akisema vyuo vijitawale vyenyewe. Mei 1970, baada ya majeshi kuingia Cambodia, alisimama mbele ya wanafunzi wake akatoa hotuba ya wazi dhidi ya vita. Barua ile ya dakika 15 ilikuwa kali, na mimi ningependa isingeandikwa. Lakini sijapata kusikia mmoja wa wale waliompinga akidai kwamba alikimbia mazungumzo au kwamba taa ile ilizimwa.

Na kuna mpira. Notre Dame inajulikana Marekani nzima kwa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono, na uwanja wake wa mwaka 1930 hujaa watu Jumamosi za mchezo. Hesburgh aliupenda mchezo huo, lakini hakutaka chuo kijulikane kwa huo tu. Katika siku zake za mwanzo wapigapicha walimpa mpira ainame nao kama mchezaji, akakataa, kwa sababu rais wa chuo kikuu kingine chochote asingeombwa hivyo. Baadaye alijenga maktaba ya ghorofa 14, iliyofunguliwa mwaka 1963, na ukutani mwake pakawekwa picha ya mawe ya Kristo Mwalimu, iliyobuniwa na Millard Sheets, yenye urefu wa mita zipatazo 41. Wanafunzi walipoona Kristo ameinua mikono miwili kama mwamuzi anayeashiria pointi, na kwamba anaonekana kutoka uwanjani, walimpa jina la mzaha la kimichezo. Nimesikia wageni wakikwazwa. Wenyeji wanalitamka kwa mapenzi, kama watoto wanavyomtania babu.

*Nimeona picha ya Martin Luther King ameshikana mikono na padre Mzungu. Ni yeye? Alihusikaje na haki za watu weusi?*
Wakili, Mombasa

Ni yeye, Wakili. Picha hiyo ilipigwa tarehe 21 Juni 1964 katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, kwenye mkutano mkubwa wa kudai haki za kiraia, na nakala yake imo katika Jumba la Taifa la Picha za Watu mjini Washington. Lakini kazi yenyewe ilianza kabla ya picha.

Mwaka 1957 Rais Eisenhower alimteua kuwa mmoja wa wajumbe sita wa kwanza wa Tume ya Haki za Kiraia, watatu wa kaskazini na watatu wa kusini, mmoja wao akiwa mtu mweusi. Kazi yao ilikuwa kuchunguza, pamoja na mambo mengine, namna watu weusi walivyokuwa wakinyimwa haki ya kupiga kura. Julai 1959 walikuwa Shreveport, Louisiana, wakijaribu kumaliza taarifa yao katika joto kali la kambi ya jeshi la anga, maana katika miji ya kusini ya wakati ule kupata mahali ambapo wajumbe weupe na weusi wangelala na kula pamoja lilikuwa tatizo la kweli. Hesburgh aliona hawatakubaliana lolote kwa hali ile. Akapata ndege, akawapeleka Land O'Lakes kwenye ubaridi wa misitu, wakala nyama ya kuchoma, jioni wakaenda kuvua samaki, na akagundua kwamba karibu wote ni wavuvi. Usiku ule ule walikaa wakakubaliana karibu mapendekezo yote, na sehemu kubwa ya mapendekezo ya tume hiyo iliingia katika Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Alikuwa mwenyekiti wa tume kuanzia 1969. Aliikosoa serikali ya Nixon bila kupepesa macho, na mwaka 1972, mara baada ya Nixon kuchaguliwa tena, akatakiwa ajiuzulu. Ni rais yule yule aliyemsifu kwa barua ya dakika 15.

Kisa cha uvuvi nilikisikia kwa masikio yangu tarehe 17 Mei 2009, Rais Obama alipokuja kuhutubia mahafali. Ujio huo ulileta mtafaruku mkubwa kwa sababu ya msimamo wake kuhusu utoaji mimba. Maaskofu wengi walipinga, waandamanaji walijaa malangoni, na sisi wanafunzi tuligawanyika mezani, bwenini na hata kanisani. Obama alisimulia habari za wavuvi wale wa Land O'Lakes. Padre Hesburgh alikuwa amekaa ukumbini, karibu miaka 92, haoni vizuri, anasikiliza.

*Wanawake je? Na maisha yake ya sala yalikuwaje, mtu mwenye safari nyingi kiasi hicho?*
Sista, Morogoro

Sista mpendwa, kwa miaka 130 Notre Dame ilikuwa chuo cha wanaume, na ng'ambo ya barabara Masista wa Msalaba Mtakatifu waliendesha Chuo cha Saint Mary kwa ajili ya wanawake. Palikuwa na mpango wa kuviunganisha, ukavunjika mwaka 1971. Masista waliamua kubaki na chuo chao, nacho kipo hadi leo. Mwaka uliofuata Notre Dame ikafungua milango kwa wanawake wa shahada ya kwanza. Padre Hesburgh alirudia mara nyingi kwamba kuwapokea wanawake na kukabidhi chuo kwa bodi yenye walei ndiyo mambo mawili makubwa aliyoyafanya. Nilipofika mimi, nusu ya darasa langu walikuwa wanawake.

Kuhusu sala, jambo lililo wazi kwa wote waliomjua ni kwamba hakuruhusu siku ipite bila Misa. Aliiadhimisha hotelini, safarini, katika nchi ambazo padre hakukaribishwa, peke yake au na wachache, na alisema daima kwamba anataka kuitwa Padre kuliko cheo kingine chochote. Katiba ya maisha yake ilikuwa sala fupi kwa Roho Mtakatifu, ya maneno matatu: Njoo, Roho Mtakatifu.

Uzee ulimwondolea macho. Ofisi yake ya kustaafu ilikuwa ghorofa ya 13 ya maktaba, ambayo tangu 1987 ina jina lake, dirisha likitazama kuba, na chumba kikinukia sigara zake. Wanafunzi walikuwa wakienda kumsomea magazeti. Rafiki yangu mmoja alipata homa siku ya zamu yake, akaniomba niende badala yake, nikapanda kwa hofu, Mwafrika mwenye lafudhi nzito anayekwenda kumsomea mtu aliyezungumza na mapapa. Nilisoma kwa saa nzima. Hakunikatiza hata mara moja ili kunisahihisha matamshi. Alinisimamisha tu mahali ambapo habari ilihusu watu wanaoumia, ili nirudie aya hiyo. Nilipoinuka alinibariki kichwani, mkono ukiwa mwepesi kama wa bibi yangu.

*Je, kuna uhusiano wowote na huku kwetu?*
Msomaji, Arusha

Upo, tena wa karibu. Shirika la Msalaba Mtakatifu lilifika Uganda mwaka 1958, na mmoja wa wamisionari wake, Vincent McCauley, akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961. Baadaye utume wao ulienea Kenya na Tanzania. Hesburgh mwenyewe alikuwa katika bodi ya Mfuko wa Rockefeller, akawa mwenyekiti wake kuanzia 1977 hadi 1982, na mfuko huo ulikuwa miongoni mwa waliosaidia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kile kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Rais wa sasa wa Notre Dame, Padre Robert Dowd, aliyeanza kazi mwaka 2024, aliishi Kenya na Uganda wakati wa malezi yake ya useminari, na Afrika ndiyo eneo la utafiti wake.

*Mwanangu amepata nafasi ya kusoma jimbo la Indiana. Akipita hapo siku moja, aanzie wapi?*
Mama wa watoto wanne, Tabora

Mama, mwambie asianzie uwanja wa mpira, ingawa wenzake watamvuta huko. Afike jioni, aende kwanza pangoni, awashe mshumaa kwa ajili yako. Kisha apande taratibu hadi mbele ya Jengo Kuu na atazame madirisha ya ghorofa ya tatu. Ngazi za mbele za jengo hilo asizipande kama anatarajia kuja kusoma hapo. Wanafunzi wana desturi ya kuziepuka hadi siku ya kuhitimu, nami niliitii desturi hiyo kwa miaka miwili, nikizunguka mlango wa pembeni hata kwenye baridi.

Baada ya hapo afuate barabara inayotoka basilika kwenda makaburi ya shirika. Tarehe 4 Machi 2015 nilikuwa nimerudi nyumbani siku nyingi, na usiku wa kwetu nilikaa mbele ya kompyuta nikitazama mazishi kwa intaneti iliyokuwa ikikatika kila mara. Jeneza lilipotoka kanisani, wanafunzi walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara hiyo, maelfu yao, katika baridi kali, kimya. Wengi walikuwa hawajazaliwa alipostaafu.

Makaburini ataona misalaba ya mawe iliyopangwa mistari kwa mistari, ya mapadre na mabruda, walimu na wapishi, yote kwa umbo moja na kimo kimoja. Wa Padre Hesburgh umo humo. Mwambie achukue muda, asome jina moja baada ya jingine, kwa sababu hakuna kitu kinachoutofautisha na mingine.